Mjane wa Magurudumu Manne: Buti za Nani?

Chai ilimwagika kwanza, ndipo Sabine alipoamini kwamba gari linakwenda.

Ndiyo, wasomaji, mnakumbuka tulivyomwacha Jumapili iliyopita. Mjane wa watu amejifunga kitenge juu ya gauni la kulalia, kikombe mkononi, yumo ndani ya gari-nyumba lake lenye kitanda, jiko la gesi na choo cha ukubwa wa kabati. Mara pua ya gari ikaanza kuinuka kama mbwa aliyesikia harufu ya samaki. Kwenye usukani hapakuwa na mtu. Ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni mwenyewe.

Wapo mlioapa kuwa ni jini. Jini gani huyo wa kufanya kazi Tyseley, Birmingham, asubuhi ya Jumapili, kwenye baridi ile, kati ya karakana na kiwanda cha kuchoma taka?

"Weye! Nani iko kule?" Sabine akapiga kelele.

Mnyororo ukalia. Gari likasogea tena.

Tangu aanze kulala garini, ndugu wa kanisani walikuwa na wimbo mmoja tu: utaibiwa, utatekwa, utaokotwa mtaroni. Akajisemea, basi leo wimbo umetimia.

Lakini Sabine hakuwa mwanamke wa kuzimia. Mlango hakufungua. Alivuta pazia kwa kidole kimoja, akaona lori la njano la kuvuta magari mabovu. Akachungulia chini, penye ngazi. Zile buti kubwa za kiume alizoziweka nje ya mlango jana jioni hazikuwepo!

Akaruka hadi kiti cha dereva, kiti ambacho hakukiwekea mzigo hata siku moja, akailalia honi kwa viwiko vyote viwili.

Paaaaaa!

Njiwa wa Tyseley nzima wakaruka. Lori likafunga breki. Akashuka mwanamume wa makamo mwenye kilemba cha buluu, macho yamemtoka pima.

Sabine akateremsha kioo upana wa kidole. "Mwizi weye!" alifoka, kwa Kiswahili, maana hasira haina muda wa kutafuta Kiingereza.

"Mwizi? Mimi?" Jamaa akajibu kwa Kiswahili kile kile. "Wueh! Mama, kumbe uko ndani? Mimi niliambiwa hii gari ni tupu, bana!"

Wakatazamana. Huyo alikuwa Gurmit, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu, mwenye lori na mwenye moyo dhaifu kwa maelezo ya daktari wake.

"Nani amekuambia iko tupu?"

Gurmit akaelekeza kidole nyuma. Gari dogo la fedha lilikuwa limesimama, na ndani yake mkatoka mtu mwenye suti ya Jumapili, Biblia kwapani, mikono juu kama aliyefunga bao. Léopold! Shemeji yake! Mdogo wa marehemu mumewe!

"Belle-sœur!" akapaza sauti, kumwita shemeji kwa Kifaransa chake. "Usiogope! Ni sisi! Tunakuokoa!"

"Munaniokoa na nini?"

"Na watu wabaya! Sasa unaona vile iko rahisi? Mtu anakuja tu asubuhi, anakukokota na kitanda yako, hata hujamaliza chai!"

"Lakini huyo mtu ni weye, Léopold."

"Njo vile!" Léopold akakubali, akapiga Biblia kofi kwa furaha. "Kama mimi mwema nimeweza, mubaya atashindwa?"

Gurmit akaingilia. "Boss, wewe uliniambia hii ni gari ya marehemu, imeachwa tu hapa."

"Marehemu ni ndugu yangu. Huyu ni bibi yake. Nimedanganya wapi?"

"Lakini huyu mama si marehemu! Ako na kikombe mkononi!" Gurmit akageuka kwa Sabine. "Mama, aki pole. Nishushe? Niite polisi? Sema tu."

Sabine akatafakari. Angeweza kusema polisi, na habari ingeishia hapo. Lakini Léopold alikwisha kusogea dirishani, akasema kwa sauti ya kunyenyekea: "Kamati inakungoja kanisani. Watu wote wameketi. Iko na mambo ya aibu, belle-sœur. Mambo ya buti."

Buti! Sabine akaelewa ni nani aliyepita ngazini mwake alfajiri.

"Shusha gari," akamwambia Gurmit. "Nitaendesha mimi mwenyewe. Mwenye kukokotwa mpaka mbele ya wazee, amekwisha kuhukumiwa njiani."

Akabadili nguo, akafunga kilemba chake cha kijani kile kirefu, akawasha injini. Ukawa msafara: gari-nyumba mbele, suti ya Jumapili nyuma, na lori la njano mkiani, maana Gurmit alisema haondoki mpaka ajue mwisho wa mambo haya.

*

Kwa mliojiunga nasi leo: Sabine ni mwenyeji wa Uvira. Alisafisha ofisi za kiwanda cha magari cha Longbridge mpaka kilipofungwa mwaka juzi, kisha akaingia kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Leo Worcester, kesho Stoke, keshokutwa Hereford. Nyumba aliyopanga akawa anailipia ili vumbi lipate pa kulala. Akaiacha, akanunua gari-nyumba kuukuu, akaenda na kazi inakokwenda. Siku za mapumziko huelekea milima ya Wales, akapika sombe, yaani kisamvu, akanyoosha miguu, asiulizwe na mtu.

Kosa lake ndilo hilo la mwisho.

Kanisa lao lilikutana katika ukumbi wa shule, Hodge Hill. Siku hiyo mbele kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na nyuma yake Kamati ya Usalama wa Wajane. Kamati ilikuwa imeundwa wiki hiyo hiyo, wanaume watupu, na mjane hata mmoja hayumo. Katikati aliketi Pasta Ruben, mtu mpole, mnene, mwenye sauti ya kulaza watoto.

"Dada Sabine," akaanza, "sisi hatukuhukumu. Tunakuuliza tu yale maswali ambayo hukumu inauliza."

"Uliza, Pasta."

"Mwanamuke peke yake, ku barabara, usiku na muchana. Nani anakulinda?"

Kabla hajajibu, Léopold akaingiza mkono katika mfuko wa plastiki, akatoa buti. Kubwa! Nyeusi! Zina matope! Akazisimamisha mezani karibu na Biblia. Ukumbi ukavuta pumzi kwa pamoja.

"Nimezikuta ku mlango yake," akasema Léopold, sauti inatetemeka kwa utamu wa habari. "Mara tatu nimepita, mara tatu ziko pale. Namba kumi na mbili! Sasa mimi, kama mulinzi wa jina ya ndugu yangu, nauliza: miguu yenyewe iko wapi?"

"Haiko," akasema Sabine.

"Haiko namna gani?"

"Buti nimenunua sokoni, Bull Ring. Nikisimamisha gari, ninaziweka inje. Mtu mubaya akipita anasema: humu munalala mwanaume mukubwa, hebu niende zangu. Ni vile tu."

Kamati ikacheka. Ilicheka kwa huruma, na kicheko hicho ndicho kinachouma kuliko vyote.

"Dada," Pasta Ruben akafuta jicho, "mwanamuke anunue buti za mwanaume mwenye hayuko? Quand même, jamani! Na matope?"

"Matope ninapaka mimi mwenyewe. Kila Jumamosi."

Kicheko kikaangusha kiti. Ukweli wa Sabine ulikuwa umesimama mezani, mkubwa, mweusi, na bado hakuna aliyeuona.

Hapo ndipo, wasomaji, alipoinuka mtu safu ya nyuma.

"Buti ni zangu!"

Wote wakageuka. Alikuwa Héritier, mpiga kinanda, mseja wa miaka mingi, aliyekwisha kumwomba Sabine ndoa hata ombi lenyewe likachakaa. Alikuwa ametoa kifua mbele kama jogoo wa sikukuu.

"Nakubali mbele ya watu," akasema. "Nitamuoa. Aibu iishe leo."

Vigelegele vikaanza upande wa mashemeji. Léopold akakunja uso. Hakuwa amepanga mchumba. Pasta akafungua Biblia kutafuta aya inayofaa.

Sabine akasema neno moja.

"Vaa."

"Nini?"

"Ni zako, vaa."

Héritier akatembea hadi mbele kwa hatua za bwana harusi. Akaingiza mguu. Mguu ukazama. Akaingiza wa pili, akajaribu kupiga hatua. Yeye akaenda, buti zikabaki. Watoto waliozaliwa Birmingham, wasioelewa nusu ya maneno, walielewa hilo. "He could fit his whole keyboard in there!" mmoja akapiga kelele, kwamba hata kinanda chake kizima kingeenea humo, na ukumbi ukavunjika mbavu.

"Zimepanuka kwa mvua," Héritier akajitetea.

Ndipo Jeanne akasimama. Huyu ni mke wa Léopold, mama wa watoto sita, anayefunga sandwichi kiwandani zamu ya usiku na kurudi kufunga za watoto asubuhi. Kanisani hajawahi kusema zaidi ya amina. Alikuja mezani, akashika buti moja, akatia mkono hadi kwenye vidole, akavuta. Likatoka bonge la karatasi la dukani, limebanwa vilevile lilivyobanwa na aliyelitia. Akavuta la buti ya pili.

"Héritier," akasema taratibu, "weye unavaa buti na karatasi yake ndani?"

Héritier akarudi kwenye kinanda chake, akatazama vitufe kama anayevihesabu.

Lakini Jeanne hakukaa.

"Na weye, Léopold. Waambie watu chumba yenye unamutayarishia shemeji yako."

"Chumba nzuri," Léopold akasema haraka. "Iko na joto."

"Iko na joto sababu iko na mashine ya kufulia. Umeweka godoro kati ya mashine na meza ya pasi. Umesema mbele yangu: Sabine akija, watoto watapata wa kuwapeleka shule, na nguo zitapata wa kuzinyoosha. Njo usalama yenyewe!"

Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, Léopold hakuwa na Kifaransa cha kujisitiri.

Kama mlidhani kesi imekwisha, hamuijui kamati. Mama mmoja mnene wa safu ya tatu aliinua mkono, na badala ya kumlaani Sabine akauliza: "Na kama mtu anagonga usiku, unafanya nini?"

"Sifungui. Ninaongea kwa nguvu, kama niko na mtu: Papa Ngoma, amuka, kuna wageni. Kisha ninawasha gari, ninaondoka. Njo maana pua ya gari ninaielekezaga ku njia kila siku."

"Na ukipata ugonjwa huko?" akauliza mwingine.

"Kila mangaribi ninamutumia Denise ujumbe, yule Mjamaika tulifanya naye kazi Longbridge. Ninamwambia niko fasi gani. Asubuhi nisipomwandikia, anapiga simu. Asiponipata, anakuja."

"Na gesi, haikuui?"

"Na choo?"

"Na kuendesha, ulifundishwa na nani?"

Maswali yakanyesha. Wanawake wakahama viti, wakamzunguka. Mzee mmoja wa kamati aliuliza gari linakula mafuta kiasi gani, akakanyagwa mguu na mwenzake. Pasta Ruben akagonga meza mpaka buti zikaanguka.

"Basi! Basi!" Sauti ya kulaza watoto ilikuwa imeamka. "Hii si semina! Dada Sabine, buti tumeelewa. Lakini neno linabaki pale pale. Mwanamuke salama ni yule mwenye iko katikati ya watu."

Sabine akamtazama. Tabasamu likamwondoka.

"Pasta, ku Uvira, wakati wa vita, nililala katikati ya watu. Mume wangu, mama yangu, majirani wenye walikimbilia kwetu. Nyumba ilijaa mpaka jikoni. Mlango ilikuwa ya mbao nzito, na kitasa cha chuma, na wanaume wawili wameiegemea. Weye unajua vile iliisha. Ni weye ulinizikia mume."

Pasta akainamisha macho.

"Tangu ile siku sitafuti tena mlango mukubwa. Ninatafuta mlango wenye unaweza kuondoka."

Héritier akaondoa kiwiko juu ya kinanda.

Angekuwa mtu mwingine, pengine angeishia hapo. Lakini Pasta alikuwa na kamati nyuma yake, na kamati iliyokwisha kutandika kitambaa cheupe haiwezi kuinuka mikono mitupu. Wakanong'onezana. Kisha Pasta akasoma uamuzi: Sabine aruhusiwe kulala katika gari lake, mradi gari liegeshwe daima mbele ya nyumba ya Léopold, na ufunguo utunzwe na kamati.

"Gari yenye haiendi ni kibanda," Sabine akasema.

"Weka ufunguo hapa mezani, dada. Ukitoka nayo leo, kwaya umeiacha. Na mfuko wa mazishi umeuacha."

Hilo likamchoma. Msicheke. Kwaya ndiyo ilikuwa ndugu zake. Sauti yake nzito ya pili ndiyo iliyombeba kwenye mazoezi, Alhamisi baada ya Alhamisi, miaka ile ambayo hakuweza kusema na mtu. Na nani asiyeogopa kufa ugenini, akazikwa na watu wasiojua hata jina la mama yake?

Alivua kamba shingoni. Ufunguo ukalala kiganjani. Léopold akanyoosha shingo. Pasta akanyoosha mkono.

Sabine akaufunga mkono, wote walioona ni mashahidi.

"Nitaimba ku njia," akasema, na akatoka.

Nje, Gurmit alikuwa amesimama kando ya lori lake, anakula sambusa aliyopewa na akina mama wa jikoni. "Mama, vipi? Umeshinda?"

"Sijui, Papa Gurmit. Hebu nisindikize na macho tu."

Lakini hakuondoka haraka kama alivyotaka. Wanawake walikuwa wamemfuata! Walivua viatu, wakapanga foleni, wakaingia kuona. Mmoja alikalia kitanda, mmoja akafungua jiko, mmoja akazungusha usukani akiliza honi kwa mdomo. Waliingia watano wakatoka wanne, wakaingia wengine, wakapishana mlangoni kwa kusukumana makalio na vicheko, hata Sabine hakujua nani yumo na nani yuko nje. Kutoka dirisha la ukumbi kamati ilitazama, ikajifanya haitazami.

Hatimaye akawaaga. Kwa desturi yake, kabla ya kuondoka hukagua gari zima, juu, chini na chooni. Siku hiyo machozi yalikuwa karibu, hakutaka wayaone. Akafunga mlango, akapanda, akaondoka.

*

Alipofika kituo cha mapumziko cha Frankley, kwenye barabara kuu ya kusini, ndipo aliposimama ajifute uso. Simu ikalia. Léopold!

"Belle-sœur!" Sauti ilikuwa imepasuka. "Uko salama?"

"Niko salama. Unataka nini tena?"

"Jeanne amepotea! Watoto wanalia, chakula hakiko, zamu yake inaanza mangaribi! Ametekwa! Funga mlango yako, belle-sœur, Birmingham imeharibika!"

Sabine akageuka. Pale juu ya kichwa cha dereva, kwenye kitanda kidogo cha wageni ambacho hakijawahi kupata mgeni, pazia lilisogea. Uso wa Jeanne ukachungulia, nywele zimevurugika, kidole mdomoni.

"Mwambie hujaniona," akanong'ona. "Nilitaka nilale tu. Mara moja. Bila mtu kuniita mama."

Sabine akabaki na simu hewani. Kumdanganya shemeji? Kumrudisha Jeanne kwenye mashine ya kufulia? Na kama polisi wameitwa, mtekaji ni nani, kama si mwenye gari?

"Belle-sœur, uko pale? Ngoja, Pasta anataka kusema na weye. Iko na shida yake."

Simu ikabadili mikono. Sauti ya kulaza watoto ilikuwa imekosa usingizi kabisa.

"Dada Sabine, samahani sana kwa mambo ya asubuhi. Nauliza tu. Bibi yangu hatumuoni. Si ku jikoni, si ku ukumbi. Viatu vyake havipo. Hajawahi kuondoka bila kuaga, miaka yote ya ndoa. Kwa bahati mbaya, weye hujamuona?"

Sabine akamtazama Jeanne. Jeanne akatazama dari.

Na kutoka nyuma ya gari, ndani ya kile choo cha ukubwa wa kabati, pampu ya maji ikanguruma kwa raha zake zote.

Ngurumo ikaingia hadi kwenye simu.

"Dada Sabine," akauliza Pasta Ruben, pole pole, "ni nani huyo?"

Kitasa cha choo kikaanza kuzunguka.